Buluu Yako, Maini Yangu

Dada Zuhura,

Amani ikufikie hapo ulipolazwa, wewe na majirani zako wa kulia na wa kushoto. Hujambo? Kifua kinakwendaje? Ulituachia kikohozi chako masikioni, hata leo mlango wa uani ukilia nageuka nikidhani ni wewe. Kama huko kuna hewa ya kutosha, alhamdulillahi. Sisi wazima. Mzee Issa mume wetu mzima, magoti yake ndiyo yale yale, na kelele zake ndizo zile zile. Mimi mzima.

Shehe akijua nakuandikia atanigombeza. Atasema maiti haandikiwi barua, husomewa Yasini. Yasini nimekusomea, dada. Lakini kuna maneno Yasini haiyabebi, ya mke na mke mwenziwe, na hayo nimeona niyaandike. Darasa la saba langu litatosha.

Habari kubwa ni ya Salima. Mwanao anaolewa Ijumaa hii inayokuja, Ruangwa mjini. Kaa vizuri nikwambie: anaolewa mke wa pili. Ndiyo. Salima wako, uliyekuwa ukiapa kwamba hatakanyaga nyumba yenye mwanamke mwingine, anakwenda kuwa bi mdogo. Huyo bi mkubwa wake anashona nguo karibu na soko, na wanaomjua wanasema ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa jikoni peke yangu, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaomba toba, maana yule mtoto nimemlea na mimi. Lakini kucheka nilicheka, sikufichi.

Zile shanga ulizoanza kumtungia uliziacha nusu kiuno. Ziko kwenye kopo lako la maziwa ya unga, uzi wake umefungwa fundo la muda, kama mtu aliyesema nakuja sasa hivi. Na unajua kwetu: binti akitoka kwao kwenda kwa mume, shanga za kiunoni zitoke kwenye mkono wa mama yake, si za dukani. Akienda na nusu, watu watasema mama alikufa na baraka mkononi, hakuziachia. Mimi ndiye niliyebaki. Ikawa kazi yangu kuimaliza nusu ya pili, na kuimaliza kwa rangi ile ile, buluu ile ya shingo ya kanga wa porini.

Salima alikuja mfungo ulipokwisha, akakaa kwenye kigoda chako. Nikamwonyesha nilizochoma. Akachukua moja, akaitazama juani, akairudisha kwenye ungo kwa vidole viwili kama anashika mende. Akasema: "Mama mdogo, mimi sivai maini. Kama huwezi, niache niende na nusu yangu." Kwa sauti yako, dada. Hata kile kijicheko cha puani.

Huenda huko watu husahau, basi nikukumbushe.

Nilipoletwa nyumba hii hapa Kiegei, miaka kumi na mmoja sasa, wewe ulikuwa na tanuri lako tayari. Ulifundishwa na mke wa yule mgeni wa Afrika Magharibi aliyekaa Ruangwa akinunua mawe machimboni. Wengine wote walioonyeshwa kazi ile waliiacha, wewe hukuiacha. Mimi niliogopa kuja kwako. Niliambiwa bi mkubwa atanimwagia maji ya moto. Badala yake ulinipa kitambaa nijifunge puani, ukanipa chuma cha kutwangia, ukasema: "Mdogo wangu, mume tutamgawana, kazi tutaifanya pamoja." Nililia siku ile. Nilisema Mungu amenipa dada.

Na kazi ulinifundisha, siwezi kukusingizia. Kuosha chupa. Kuzitwanga na kuchekecha kwa kitambaa mpaka unga unakuwa laini kama wa muhogo. Kupaka udongo mweupe ndani ya vishimo vya kalibu kioo kisije kikanata. Kusimamisha kikonyo cha jani la muhogo katikati ya kila kishimo, ambacho moto hukila na kuacha tundu la uzi. Kuchoma nyaya kuukuu za umeme, kugonga ile shaba mpaka inatoa magamba meusi, na kuyasaga magamba yale pamoja na unga wa chupa nyeupe, kidogo, kidogo sana, "kama chumvi ya mgonjwa," ulivyosema. Vidole vyangu vina makovu ya mafunzo yako.

Tukawa na zamu. Wiki yako unachoma wewe, wiki yangu nachoma mimi. Chupa zile zile, shaba ile ile, kalibu zile zile, na moto ule ule wa maganda ya korosho, wenye moshi mzito kama lami. Wiki yako zilitoka buluu. Wiki yangu zilitoka ini. Si nyekundu, si kahawia, ni ini hasa, ini la mbuzi lililoachwa juani.

Nilidhani ni kipimo. Nikapunguza shaba, zikatoka ini jepesi. Nikaongeza, zikatoka ini la kuoza. Wewe ulikuwa ukinyanyua ungo wangu mbele ya wanawake na kusema: "Maini ya Somoe haya, nani ana vitunguu tuyakaange?" Wakacheka. Mimi nami nikacheka, maana lilikuwa neno zuri, huwezi kulisikia usicheke.

Lakini siku moja nilikuuliza kwa dhati. Tulikuwa wawili tu, tunapanga kalibu. Nikasema, dada, kitu gani nakosea? Ukanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo sitaisahau. Ukasema: "Mikono yako haina kosa, Somoe. Mimi tanuri langu nalisomea. Ile rangi ni ya dua. Wewe soma pia, lakini sasa, mdogo wangu, kama dua haifiki mtu afanyeje?"

Kama dua haifiki.

Dada Zuhura, ungeniambia mimi mchafu ningeoga. Ungeniambia mvivu ningeamka mapema. Uliniambia mimi, mtu ambaye tangu utoto sikuwa na kitu kingine chochote isipokuwa swala, kwamba naswali nikiwa nje ya mlango.

Na ukaniwekea sheria. Moto ukishashika, uliniambia: "Nenda katie udhu, uje safi." Naenda kisimani. Nikirudi nakukuta umekaa mbele ya tanuri, mtandio usoni, midomo inacheza. Na kwa wote, mimi na Salima na majirani, ulitangaza kwamba tanuri likiwaka mtu asipite nyuma yake: "Halizungukwi tanuri. Kinachozungukwa ni Al-Kaaba peke yake." Nani angebisha? Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuwafukuza watoto wa jirani. Nyuma ya tanuri, pale penye uzio wa mafito, sikukanyaga miaka kumi na mmoja. Na wiki yangu ilipofika nilifanya kama wewe. Nilitia udhu, nikakaa mbele, nikasoma. Nilisoma zaidi yako. Nilisoma mpaka koo likauka. Nikafungua. Ini.

Nikaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Wewe ulidhani nafunga kwa ajili ya kupata mtoto, ukawaambia watu hivyo. Hapana, nilifunga kwa ajili ya rangi. Nikaenda kwa maalimu wa chuo, mimi mtu mzima, nikakaa mkekani na watoto wa miaka saba, nikamwambia anisahihishe Fatiha, huenda naitamka vibaya. Watoto walinicheka matamshi. Nilivumilia. Nilirudi nikachoma. Ini.

Nilihesabu madhambi yangu yote. Nikafika kwenye zile mimba mbili zilizotoka, nikasema labda ndipo penyewe, labda mwili wangu na dua yangu vina kufuli moja. Sikumwambia mtu. Lakini wewe ulikuwa na macho. Siku ile tuligombana kwa sababu ya ndoo, ndoo tu, ukaniambia mbele ya Mzee Issa: "Tanuri lako la nje na la ndani ni mamoja. Yote yanatoa maini."

Mzee Issa alitazama viatu vyake.

Nilikupikia jioni ile. Ulikula, ukasema chumvi imezidi.

Lakini haikuwa siku zote hivyo. Unakumbuka tulivyokuwa tukienda Nachingwea mjini asubuhi kuokota chupa kwenye mabaa, sisi wanawake wawili wa buibui, tunainama chini ya meza za walevi? Yule mhudumu akituona alipiga kelele: "Mashangazi zangu wamefika, leo mnaanza na ya moto au ya baridi?" Na siku ile ndani ya basi, gunia la chupa za bia linagongana miguuni petu, na yule mzee wa kanzu nyeupe akauliza ndani mna nini, ukamjibu bila kupepesa: "Dawa ya mume, babu. Anakunywa sana." Niling'ata mtandio mpaka ukatoboka. Ulikuwa rafiki yangu. Hilo ndilo linaloniua, dada. Ungekuwa mbaya kutwa ningekuchukia, nikapumzika.

Kisha kikaja kifua. Vumbi la chupa na moshi wa korosho, daktari alisema, na kwamba umechelewa. Tulikurudisha nyumbani. Nilikuosha, nikakugeuza, nikakulisha uji kwa kijiko. Watu wa Kiegei walinisifu, wakasema mke mwenza kama huyu hayupo tena. Nilizipenda zile sifa. Sasa nikuandikie kile ambacho hawakukiona, ambacho tunakijua wawili, na mmoja wetu amekwenda.

Ilikuwa alasiri. Salima yuko Ruangwa, mume wetu kaenda msikitini. Ulinishika mkono, ukasema: "Somoe, niombee."

Nikasema: "Dua yangu haifiki, dada. Umesahau? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Nilisema taratibu, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mgonjwa dawa yake. Nilikuwa nimeliandaa neno lile. Sikuliandaa siku ile, nililiandaa tangu siku ya ndoo, nimelitunza, nalisugua kila nikipita karibu nalo. Ulinitazama. Kifua chako kikawa kinapanda na kushuka. Halafu ukasema, kwa shida: "Kuna jambo la tanuri nataka nikwambie."

Nikasema: "La tanuri mwambie Salima. Ndiye mwanao."

Nikaondoa mkono wangu, nikaenda kuosha kijiko. Kijiko kimoja, nikakiosha kwa muda mrefu sana. Niliporudi ulikuwa umegeukia ukutani. Siku ya pili yake hukusema chochote na mtu. Ya tatu ulikwenda. Salima alifika jeneza limeshatoka mlangoni.

Wanawake waliokuosha, waliponipa wembe nikate uzi wa shanga za kiunoni mwako, walidhani wananiheshimu. Nilikata. Shanga moja nikaificha kwenye upindo wa kanga, niikague rangi. Ndiyo, nilikuibia ukiwa juu ya kitanda cha kuoshea. Niandikie na hilo.

Baada ya arobaini nikawasha tanuri. Sasa tanuri ni langu, zamu zote ni zangu. Nilisoma Yasini mbele yake, nikaweka na jina lako kwenye dua, nikasema labda kwa baraka yako itafika. Ini. Mara ya pili ini. Nilichoma kiangazi chote, Salima anapiga simu kutoka Ruangwa: "Vipi, mama mdogo, bado ni nyama tu?" Mzee Issa akasema afadhali tufuge kuku.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Unamkumbuka Mama Kulwa, yule mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa bondeni, uliyekuwa ukikataa kununua maziwa yake kwa sababu eti yana moshi? Asubuhi moja tanuri linawaka, nimetoka kisimani na udhu wangu, nikakuta ng'ombe wake mmoja amekata kamba, ameingia uani, anapita nyuma ya tanuri. Nyuma, dada. Ng'ombe hajui Al-Kaaba. Nilipiga kelele, akashtuka, akageuza makalio, akalisukuma tanuri. Nikasikia kitu kinadondoka. Moto ukavuma kwa sauti ambayo katika zamu zangu sikuwahi kuisikia, kama mtu aliyezibwa pua siku nyingi akaachiwa. Moshi mweusi ukawa mwembamba, ukaisha.

Nilikaa chini nikalia. Nikasema hata ini nimenyimwa. Mama Kulwa alikuja anakimbia, kapiga magoti pale pale kwenye majivu, ananiomba radhi, "Bi Somoe nisamehe, mnyama hana akili, nitakutengenezea kwa mikono yangu." Nilimsukuma. Nilimtukana yeye, ng'ombe na huko walikotoka. Hakuondoka, akakaa na mimi mpaka moto ukashuka. Yeye ndiye aliyefungua, mimi sikuwa na nguvu. Akasema: "Mbona nzuri?"

Buluu. Kalibu zote. Shingo ya kanga, dada, ile ile. Nilitoa ile yako niliyoiiba, nikaiweka katikati ya hizo mpya. Nilipoifumba mikono na kuifumbua, sikujua ipi yako na ipi yangu.

Nikaenda nyuma. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaenda nyuma. Tofali moja limedondoka, chini kabisa, karibu na uzio. Halikuwahi kushikwa na udongo. Kingo zake zimelika, nyeusi, zina mahali pa vidole. Vidole vyako. Na pembeni, kwenye mafito, kimechomekwa kile chuma chako cha ndoano, kumbe cha kulivutia tofali, ambacho ulituambia kimepotea.

Nilishinda pale mpaka adhuhuri. Sikuswali kwa wakati wake, Mungu anisamehe.

Mzee Issa aliporudi nilimwonyesha lile tundu. Unajua alisema nini? Alisema: "Hukujua?" Akasema: "Hilo tofali nililijenga mwenyewe bila udongo, Zuhura aliniambia lisishikwe." Nikamwuliza, miaka kumi na mmoja unaniona nafunga, unaniona nakwenda kukaa na watoto chuoni? Akasema: "Mwanamume mwenye wake wawili, akitaka kula nyumba zote mbili, anafunga mdomo." Kisha akazitazama zile shanga, akacheka: "Kumbe dua ya ng'ombe inafika kuliko yako!" Alidhani ananichangamsha. Anamsimulia kila anayekuja. Kiegei nzima sasa inamwita yule ng'ombe Maalimu.

Sikuamini mara moja. Nikachoma tena, tofali limetoka, sikusoma kitu, hata bismillahi niliisema moyoni tu. Buluu. Nikachoma tena, tofali limerudi, nimesoma vizuri kwa matamshi niliyofundishwa. Ini. Tena limetoka. Buluu. Basi ni hewa. Maganda ya korosho yana moshi mwingi. Shaba ikila moshi inageuka ini, ikipata pumzi inakuwa buluu. Ndilo hilo tu. Unawasha, unangoja kalibu ziwe nyekundu, unavuta tofali, unaliacha nje mpaka mwisho. Hata mtoto angelijua kwa siku moja. Mimi ulinifunga nalo, ukauchukua uso wa Mungu ukauweka kama pazia mbele ya tundu la tanuri.

Nimekutukana, Zuhura. Kwa jina lako, pale kaburini, majirani zako wote walisikia. Kisha nikakumbuka ile alasiri. "Kuna jambo la tanuri nataka nikwambie." Ulitaka kulitoa lile tofali, sivyo? Ulikuwa unalivuta kwa pumzi zile chache. Na mimi nikaenda kuosha kijiko.

Nimekuwa nikikuombea kila baada ya swala tangu siku ya ng'ombe. Nakwambia kweli, sijui kama inafika. Mwanzo nilidhani nitafurahi: kumbe si dua, kumbe mlango haukufungwa. Lakini tofali halinielezi kitu juu ya mlango wa Mungu. Linanieleza juu yako tu, na kijiko kinanieleza juu yangu.

Sasa hivi ndivyo mambo yalivyo. Leo Jumapili. Shanga za Salima zimebaki kalibu moja. Anakuja Alhamisi asubuhi, na ameniomba kalibu ile aichome mwenyewe. Amesema, akiwa amekaa kwenye kigoda chako: "Mama mdogo, nifundishe ile dua ya mama. Yule mwanamke wa Ruangwa ana cherehani yake na wateja wake. Na mimi niende na kitu changu ambacho yeye hatakipata. Akija kunifuata nimfundishe, nimwambie kwamba yake haifiki."

Alicheka alivyosema. Mimi mgongo wote uliniwasha. Hajui alichosema, dada. Aliwahi kukusikia mahali akiwa mdogo, akaliokota kama mtoto anavyookota wembe.

Nikimfundisha dua, nitakuwa nimekuheshimu wewe. Atakwenda na mama yake mzima mzima moyoni, mama aliyesoma moto ukamsikia. Na atamfanyia mtu mwingine ulichonifanyia. Au huyo wa mkasi, aliyemtangulia, atamfanyia yeye, na atakuwa hana wa kumwambia kwamba ni uongo. Nikimpa kile chuma nikamwambia vuta, rangi ataipata, na hakuna mwanamke atakayemwambia Mungu hamsikii kwa sababu ya shanga. Lakini Salima si mjinga. Atasimama pale nyuma na tofali mkononi, ataniuliza: mama alijua? Nitasema alijua. Ataniuliza: mbona hakukwambia hata alipokuwa anakufa? Hapo ndipo ninapokatika. Maana jibu la hilo si lako, ni langu.

Kesho yake anaolewa. Atakwenda kwa mume akiwa amewapoteza mama wawili kwa asubuhi moja.

Nimeomba istikhara mara mbili, sikuota kitu. Nimewaza kumwachia Mungu, nikaona nakimbia. Kwa hiyo nakuahidi hivi, na ahadi kwa maiti ni nzito kuliko kwa mzima maana haisameheki: Alhamisi moto ukishashika sitamwambia mwanao aende kutia udhu. Nitamshika mkono, nitamzungusha mpaka nyuma, na chuma atakivuta yeye. Atakachouliza nitajibu chote. Sitakupunguzia, na mimi sitajipunguzia. Kisha nitamfunga shanga kiunoni kama zilivyo, nusu zako na nusu zangu, akizikubali. Asipozikubali nitazirudisha kwenye kopo.

Nakuacha hapa, dada. Lala, kama kuna kulala. Kosa lako la dua sijalisamehe bado, ila kila siku nalisogeza kidogo. Wewe nisogezee la kijiko.

Jambo moja tu nakuomba, na hili nijibu upesi, kwa ndoto au kwa namna yoyote mnayoruhusiwa huko, isipite Jumatano: nikifika naye pale nyuma, nianze na lako, au nianze na langu?

Mimi mke mwenzio,
Somoe